Nakala Sitini na Tatu

Tartu, Februari. Mto umelala chini ya barafu
na mimi nahesabu nakala.
Zana moja ya kujengea, ileile,
imefichwa ndani ya vifurushi sitini na tatu;
kila programu imekuja na nyundo yake mfukoni
kana kwamba huku kwetu hakuna fundi.

Na zana yenyewe ina ufa. Mstari wa mia nne na kumi na mbili
huacha mlango wazi kwa yeyote apitaye.
Ingekuwa moja, ya wote, kabatini,
ningeuziba kabla kahawa haijapoa.
Sasa ni viraka sitini na tatu,
na kahawa ya tatu,
na Ülle wa ghorofa ya chini, amepanda na soksi tu, anasema:

"Jengo letu lina koleo moja la theluji,
familia kumi na nane. Mpini ulipovunjika
tuliutengeneza mara moja, yakaisha."

Kaupo, dirishani, hakugeuka.
"Na asubuhi ile ulipovunjika, nani alitoka?
Nguo ya kuazima, Ülle.
Mwaka juzi mliboresha zana ya wote usiku mmoja,
kulipokucha programu zangu tisa hazijengeki.
Mwenye kubeba chake halali njaa kwa kosa la jirani."

"Halali njaa," akasema Ülle,
"ila hulala na panya gunia moja bila kujua."

Nikawaacha wakizozana. Nikafuta.
Moja, kumi, arobaini: nakala inatoka,
mstari mmoja unaingia, *tumia ya wote*,
na vifurushi vikapungua uzito kama watu
wanaovua makoti mlangoni.

Ya hamsini na nane ikakataa.
Programu ndogo ya marehemu Heldur,
ya kupimia unene wa barafu ya mto.
Shule mbili bado huitazama
kabla ya kuwaruhusu watoto wakateleze kwa viatu vya chuma.
Ndani ya nakala yake ya zana
alikuwa amebadili herufi tatu
na kuandika pembeni: *Msiguse. Mashine ya darajani ni kongwe,
husikia polepole, kama mimi.*

Nilikaa. Theluji ikaanza tena.
Kanuni yetu inasema zana ziwe za wote.
Kanuni niliiandika mimi.

Nikauziba ufa humo humo, ndani ya nakala ya Heldur,
taratibu, nikizizunguka herufi zake tatu,
na chini ya maneno yake nikaweka jina langu
na namba ya simu,
ili atakayekuja kufuta ajue pa kuuliza.

Sitini na mbili zinashiriki. Moja inabeba.
Kaupo hakushukuru, Ülle hakusamehe.

Usiku nikashuka, koleo halipo mlangoni.
Mtu yuko nalo nje, namsikia:
anakwangua, anapumzika, anakwangua.
Nikasimama mikono mitupu, nikingoja zamu.