Mzima?

Sikio langu la kushoto ndilo la kazi.
La kulia lilichoshwa mapema na baruti za mgodi;
hapa Cerro de Pasco shimo limekaa katikati
na mji ndio unaolikwepa.
Mita elfu nne na mia tatu. Hewa ya kubahatisha.
Mgeni hupanda ngazi tatu, akakaa.

Nimemwekea Eulogia Huaricapcha pembe ya mbao tumboni
kabla ya mashine, kwa mazoea.
Ananionyesha bisi za mahindi alizohesabia:
kila teke, punje moja itoke mfuko wa kulia iende wa kushoto.
Jana kumi zilihama kabla chai haijapoa.
Leo, tangu alfajiri, tatu.
"Zilizobaki nimezila," anasema. "Wasiwasi."

Mia moja na arobaini. Mia moja thelathini na tano.
Uchungu unakuja, tumbo linakuwa jiwe,
damu ya kondo inabanwa, na aliye ndani
ni kichwa kilichozamishwa kwenye ndoo.
Hilo si ajabu. Sote tulizamishwa hivyo.
Ninachosikiliza ni namna anavyoibuka.

Tumbo limelegea. Moyo ndiyo kwanza unashuka.
Mia. Tisini.
Themanini.
Mashine inachora bonde, na bonde limechelewa:
kilima cha uchungu kimeshapita, lenyewe linaanza.
Nalitia alama kwa ukucha.
Bonde moja, bahati mbaya. La pili,
namlaza mama ubavu wa kushoto.
La tatu, maji yanatoka rangi ya majani yaliyochemshwa,
nami namtuma Wilder akamwamshe Daktari Atachagua,
avunje mlango ikibidi.

Wenzangu hawajui kwa nini nahesabu kwa sauti.

Mdogo wangu Abdón ana miaka thelathini na mmoja
na bado nammenyea chungwa.
Alizaliwa usiku wa sikukuu, ngoma nje, ndani hakuna aliyesikiliza.
Walisema kachelewa kulia kwa kuwa ni mpole.
Siku ya pili, degedege.
Mwaka wa pili hakuketi.
Mkono wake umejikunja kifuani
kama wa mtu anayeficha sarafu.
Akili ni wembe: huucheka uongo wa redioni kabla yangu,
ila neno humchukua dakika kulitoa,
na watu hawana dakika.
Zile chache alizonyang'anywa mwanzoni
ndizo anazodaiwa mpaka leo.

Saa tisa na dakika kumi usiku, kisu.
Msichana anatolewa rangi ya risasi, mikono inaning'inia.
Namkausha, namsugua mgongo, namfunika kinyago,
bonyeza, achia, bonyeza.
Dakika ya kwanza, alama mbili.
Dakika ya tano, sita.
Mahali fulani kati ya hizo alilia, au alijaribu:
sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta.

Lima wana godoro la kuupoza ubongo wa mtoto kama huyu.
Huku baridi ni ya bure, inapenya hadi chini ya mlango,
lakini baridi ya dawa ina kipimo,
na inataka ianze kabla ya saa sita kupita.
Barabara ya kuteremka ni saa saba,
theluji ikiwa na huruma.
Kwa hiyo namkodolea macho. Midomo. Kope. Kidole gumba.
Kila kitikisiko nakiuliza: wewe ni nani?

Kunapambazuka, Eulogia anafumbua jicho.
"Mzima?"

Neno moja, na ndani yake maswali matatu.
Kwamba yu hai: hilo naliapia.
Kwamba hana ugonjwa: nipe siku tatu.
Kwamba hakupunguka kitu
niulize mwakani, akiketi,
akikuomba chungwa.

"Yupo," namwambia.

Naikunjua ngumi yake, kidole kimoja kimoja.
Inakunjuka.
Naiacha ijifunge.
Naikunjua tena.