Debe Halikuwa Tupu

Tangu Ijumaa, filamu ya pili ilipofika Nyali,
karakana yangu haina amani.
Waja wawili wawili, watatu watatu,
waruka mitaro ya Mwembe Tayari
na fulana zenye picha ya kitu nilichokifua mimi
kwa nyundo yenye mpini uliopasuka.

"Mzee Bwanakheri, wewe ndiwe shahidi. Sema."

Nisemeje?
Ile ya kwanza, miaka kumi na miwili nyuma,
walinijia vijana wanne na shilingi elfu sita
wakitaka roboti atokaye Zuhali.
Zuhali ni wapi, niliuliza. Wakanionyesha juu.
Basi nikachukua madebe ya mafuta ya kupikia,
kichujio cha chai kikawa kinywa,
taa mbili za pikipiki, macho.
Wakaenda kupiga picha zao machimboni Bamburi,
vumbi jeupe, ndo sayari yenyewe.

Na goti la kushoto lilikuwa likilia. Kwiyoo. Kwiyoo.
Siku tatu nililipaka grisi, nikalitia samli,
nikalisomea hata dua. Likalia.
Nikaona haya. Nikadhani watanidai fedha zao.

Leo kilio kile ndicho wanachokililia.

"Wamemuua Debe!" yuasema Shekuwe, kinyozi.
"Wamemnyang'anya goti, wamempa mwili wa kompyuta,
anateleza kama sabuni ya msalani.
Roboti asiyelia goti ni roboti gani?"
Ameapa hamnyoi mtu aliyeipenda ya pili.
Wateja wawili wamebaki na vichwa nusu.

Nyamvula wa duka la simu hakubali:
"Nyinyi mwataka utoto wenu urudishwe kwa tikiti moja.
Mimi nililia, mlango wa chombo ulipofungwa.
Nani aliyesema hadithi isikue?"
Salamu hawapeani.
Na posa ilikuwa iende mfungo mosi.

Nilikwenda. Mjukuu wangu alinilipia.
Nikakaa nyuma kabisa, bisi mapajani.
Debe mpya akapita mbele ya pete za Zuhali,
kimya kama paka. Mzuri, wallahi.
Mzuri wa kuudhi.
Sikukasirika. Sikufurahi.
Nilikuwa namtafuta Chengo.

Maana wamesahau, au hawakujua kamwe:
debe langu halikuwa tupu.
Ndani alikuwamo Chengo wa Mtopanga,
mbeba magunia wa Kongowea, ufupi ndo sifa yake,
akilowa, akivuta pumzi kwa kichujio cha chai.
Siku ya pili akazirai. Tukalikata bati kwa mkasi kumtoa.
Kovu analo bado shingoni, upana wa ukucha.
Alipoburura miguu kule vumbini, watu wakasema:
tazama huzuni ya mashine!
Haikuwa huzuni. Ilikuwa kiu.

Juzi nilimuuliza, wewe uko upande upi?
Akacheka, akalisugua lile kovu.
"Huyu mpya nampenda," akasema. "Hamna mtu ndani."

Hilo sijawaambia vijana.
Wakija kesho watanikuta na jiko la Mishi,
mlango wake una kilio, aloo, kilekile.
Nimeutia grisi.
Nikaipangusa.
Nimeitia tena.