Picha Zisizochukuliwa

Duka la picha la Baidyanath Mohapatra,
mjini Katak, nyuma ya soko la wafua fedha,
lilikuwa na stuli moja, pazia la buluu,
na kitana kilichofungwa kwa uzi ukutani;
kila mteja alikitumia, hakuna aliyekiosha.

Picha za pasipoti, sita kwa rupia tano.
Kaa wima. Kidevu chini. Usicheke.
Serikali haitaki meno.

Mimi nilikuwa mtoto wa kazi.
Nilizisuuza kwenye beseni, nikazianika kwa vibanio,
mpaka vidole vikanuka siki,
na wali wa jana niliokula kwa vidole hivyo
ukanuka siki.

Wengi walilipa nusu, wakaapa kurudi.
Ahadi ni deni, lakini deni nalo lina miguu.
Kazi ilipatikana kwingine, au haikupatikana,
posa ilikataliwa kabla picha haijakauka,
nyuso zikabaki kwetu, ndani ya kopo la biskuti.

Usiku, mzee akishalala,
mkewe, Sulochana, alilifungua kopo.
Karatasi ilikuwa ghali, mgongo wa picha ni bure.
Kwa kalamu ya risasi iliyobaki kisiki,
kwa herufi za Kioria, mviringo, mviringo,
kama vikombe vilivyofudikizwa,
akampa kila uso maisha yake.
Karani huyu aliiba muhuri, akaurudisha kwa aibu.
Huyu mwenye kovu alifundisha kasuku hesabu,
kasuku akamkosoa.
Na msichana huyu (hapa aliandika, akafuta, akaandika)
alikataa.
Alikataa nini, hakusema.
Upana wa vidole viwili! Sifa hazikuenea,
akaacha sifa.

Mzee alijua?
Siku moja nilimwona akichapa picha saba.
Nikamwambia, mzee, ni sita.
Akasema, mkono umeteleza.
Tangu hapo mkono ukawa unateleza kila siku,
na ile ya saba, sijui kwa nini,
ilikuwa na kingo pana kuliko nyingine.

Miaka kumi na tisa.
Mimi nina masharubu, mzee ana mtoto wa jicho,
akaja mtu na stakabadhi iliyokunjwa mara nane.
Khageswar Behera. Nadaiwa rupia mbili na nusu.
Nikachimbua kopo, nikampa picha yake
bila kuangalia mgongoni. Kosa langu.
Akaigeuza. Akasoma, midomo ikichezacheza:

*Alizama Mahanadi akimwokoa mbuzi wa jirani.
Mbuzi alipona.*

Alicheka kwa meno yote,
yale yale ambayo serikali haikuyataka.
Kisha kicheko kikakatika kama umeme wa mtaa wetu.
Akasema: aliyezama ni kaka yangu.
Mvua ya mwaka ule ule. Alikuwa anavuka tu.
Hakukuwa na mbuzi.

Pazia la buluu likasogea.
Sulochana akatoka, mikono ina unga mpaka viwikoni,
akanyosha kiganja aichukue picha, aifute.
Mtu yule akairudisha kifuani.
Hapana, mama.
Niachie mbuzi.

Akahesabu rupia mbili na sarafu ya nusu,
akazipanga juu ya meza moja moja.
Zile nyingine tano hakuzitaka;
alisema kijana yule hamfahamu.
Sulochana akamuuliza: kaka aliitwa nani?
Nabaghana.
Akaokota moja katika zile tano, akaigeuza,
akaandika jina, unga ukidondoka juu yake.
Jina tu.
Mara ya kwanza nikaona nafasi imebaki.

Mteja wetu alijitazama kwenye kioo cha ukutani,
akavuta kitana kwa uzi wake,
akachana nywele zake chache, taratibu, upande kwa upande,
kama mtu anayesubiri kuambiwa
kidevu chini,
kisha akatoka.