Tarakimu ya Mwisho

Mama alitufundisha mapema, huko Himbi:
mahali majani yamenyauka bila jua,
mahali mijusi imelala chali,
usiiname hata kufunga kamba ya kiatu.
Hapo pana mazuku. Hayana harufu wala rangi,
yanajaa shimoni kama maji,
na anayejilaza humo halali, anazama.

Hakutuambia kuwa yanaweza
kumjaa mtu kifuani
akiwa amesimama wima, jua la saa sita.

Bauma ni mwenzangu wa chukudu.
Mti tulichanga, akauchonga yeye,
mimi nikatafuta mpira wa kuvisha magurudumu.
Magunia saba ya makaa kutoka Kibumba,
mteremko mzima akipiga mluzi.
Baada ya usiku ule wa milio, mluzi ukakoma.

Sikuuliza. Kwetu mwanaume huulizwa
amebeba kilo ngapi.

Kisha akanipa glavu zake.
Akampa jirani redio.
Akalipa deni la maandazi
ambalo hata mwenye kudai alishalisahau.
Anafunga safari, nikawaza, na begi hana.

Pasta akasema afunge siku tatu.
Alikuwa hajala siku nne.
Shemeji akasema ni mkono wa mtu, na mtu anajulikana.
Mfamasia wa Birere akauliza anaumwa wapi,
nikabaki nimeinua mkono,
sijui niushushe juu ya kiungo gani.

Kwenye ukuta wa zahanati palikuwa na namba:
*Moyo ukilemewa, piga.*
Tarakimu ya mwisho imeliwa na mvua.
Nikajaribu sifuri: haipatikani.
Moja: mtoto, akacheka, akakata.
Mbili ikaita hadi ikachoka.
Tatu akapokea muuza samaki wa Kituku.
Nikamwaga yote, bila nukta, kabla vocha haijaisha,
naye akasikiliza mpaka mwisho,
sambaza zikimngoja kwenye beseni, wateja wakinung'unika.
«Ndugu,» akasema, «umekosea namba.
Lakini usikate.
Dada ya mke wangu anafua mashuka
kwenye kituo cha afya, Katoyi.
Anasema kuna mama pale, kazi yake kusikiliza.
Jina lake Nsimire. Mpeleke leo. Leo, umenisikia?»

Bauma hakutaka kutembea.
Nikampakia kwenye chukudu kama gunia,
nikasukuma. Mawe ya volkano
hayana huruma na gurudumu la mti.
Mzigo mwepesi kuliko yote niliyowahi kusukuma,
na magoti yakatetemeka.

Nsimire hakuvaa koti jeupe.
Viti viwili vya plastiki, kimoja mguu umefungwa waya.
Akamtazama, akamuuliza waziwazi, kwa sauti ya kuulizia chumvi:
«Bauma, unafikiria kujiua?»

Nilitaka kumziba mdomo.
Neno hilo kwetu halitamkwi, litasikia, litakuja.
Lakini Bauma alivuta pumzi
kama mtu aliyenyanyuliwa kutoka shimoni,
akasema: ndiyo.
Neno lake la kwanza tangu Jumapili.

Mama yule hakukimbia. Hakuhubiri.
Alisogeza kiti. Kile chenye waya.
Mimi nikatoka nje kulinda chukudu,
nikalia mpaka mlinzi akanipa maji.

Sisemi amepona.
Tunaenda Jumanne na Ijumaa,
kuna vidonge vya asubuhi, kuna siku mbaya,
usiku nalala mlangoni kwake,
na mimi pia nimepewa kiti changu, Alhamisi,
ingawa nilisema mimi sina kitu.
Mluzi bado. Juzi tu alilalamika
kwamba nimepaka grisi vibaya gurudumu la nyuma.
Nikafurahi siku nzima.

Jana nilirudi kwenye ukuta na kipande cha mkaa.
Tarakimu iliyoliwa ni nane.
Nimeiandika kubwa, nikaikoleza mara mbili.
Na chini yake, kwa watakaokosea,
kwa ruhusa ya mwenyewe,
nimeandika ya muuza samaki.