Neno la Mguuni pa Ukurasa

Nizwa, chumba cha chini, baridi ya mashine.
Ni Ijumaa, ofisi imefungwa, nimeomba ufunguo.
Nje mbuzi wanazungushwa mnadani,
sauti ya dalali inashuka ngazi bila viatu.
Mimi na brashi yangu laini
twafuta vumbi juu ya sheria.

Kitabu kimeletwa ndani ya foronya ya mto
kutoka nyumba moja ya Al-Hamra iliyoanguka paa.
Ukurasa wa kwanza umeandikwa: Yaa Kabikaji,
ombi kwa mfalme wa wadudu, awakataze raia zake.
Raia hawakusikia. Wamekula mwaka,
wamekula jina la mwandishi na nusu ya jina la babaye,
wakatoboa mlango wa mirathi
mpaka fungu la binti likabaki tundu.
Matundu sabini na moja. Nayaziba
kwa karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu,
gundi ya ngano, pumzi nimeibana.

Halafu nafungua mlango wa kuacha watumwa,
na dhahabu inanirukia usoni.

Hakuna mlango mwingine uliopambwa hivi:
si wa swala, si wa zaka, si wa zamu za maji ya falaji.
Hapa tu. Duara ndani ya duara, majani ya buluu,
kichwa cha habari chekundu kama komamanga lililopasuka,
kila nukta imekalia kitako cha dhahabu.
Nani aligharimia? Tajiri aliyetubu,
au tajiri aliyetaka aonekane ametubu?
Sheria haisemi. Sheria yasema:
bwana akitamka, mbele ya mashahidi wawili…

Pambizoni kuna mstari mdogo, umekwenda upande
kama sisimizi aliyewapoteza wenzake.
Ustadh Yakdhani aliupitia mwaka jana,
daftarini mwake kaandika kwa penseli:
*Kiarabu kibovu. Huenda ni hirizi.*

Nausogelea kwa lenzi.
Nuni, mimu, sini, kisha ghaini
iliyojibana ipate kuwa *ga*.
Nausoma kwa sauti, kwa sauti ya mama
akipepeta mchele, mama aliyezaliwa Wete,
ambaye katika mji huu alinyamaza katikati ya neno
kila mgeni alipogonga mlango.

Ni-me-sa-ga.

Si kibovu. Wala si Kiarabu.

*Nimesaga dhahabu hii siku tatu kwa asali na chumvi,
mkono umevimba. Waniambia mlango huu ni wangu.
Sijui kusoma mengi. Najua hili.*

Na kutoka kwenye *hili* unashuka mkwaruzo wa ukucha
hadi pembeni, mguuni pa ukurasa,
pale wanakili wa zamani walipoacha neno moja peke yake,
neno litakalofungua ukurasa wa pili
ili majani yasivurugike mikononi mwa mshonaji.
Neno lenyewe: huru.
Kwao huru, kwetu huru. Halikuhitaji mkalimani.

Ukurasa wa pili haupo.
Uzi wa mshono bado umeng'ata ufito wa karatasi,
umenyooka, umekatwa kwa wembe.
Wadudu hawali hivi.

Nimejaza fomu. Majani: mia mbili na tisa.
Hali: dhaifu. Lugha: Kiarabu,
nikainua kalamu,
dalali huko juu akaongeza riyali tano,
nikaandika, *na Kiswahili*.
Waliokitengeneza: mwandishi, jina limeliwa.
Msaga dhahabu… hapo fomu haina mstari.
Nimeuchora kwa rula.

Jumapili Ustadh Yakdhani atakuja na kahawa yake
aniulize nimepata nini kwenye ile hirizi.
Nitamwambia avue miwani, akae,
nami nitaanza tangu *nimesaga*, taratibu,
wala sitashusha sauti
mlango ukigongwa.