Kushona, Pasua

Mtaa wetu unaitwa Pasua.
Sijui nani aliupasua, wala lini.
Mimi najua kushona tu,
cherehani ya kukanyaga, barazani kwa Mushi muuza vipuri,
kuanzia alfajiri mlima ukiwa wazi
hadi saa nne unapojivutia shuka la mawingu
kama mgonjwa asiyetaka kuonwa.

Chini ya meza yangu kuna kiroba.
Humo huanguka vilivyokatwa:
ncha ya kitenge cha sendofu ya binti wa kina Lyimo,
ukosi wa shati la shule,
pindo la suruali ya mzee aliyefupishwa na maradhi.
Zamani nilimpa muuza mkaa, awashie moto.

Ndeonasia, nesi mstaafu, ndiye aliyenishika mkono.
"Usichome. Julai inakuja."
Julai ya Moshi haisomwi kwenye kalenda,
husomwa magotini.

Tukakaa wanne, kila Alhamisi:
yeye, mimi, Bi Mwanaidi wa Majengo,
na Kandida ambaye hajui kushona
ila anajua kufumua sweta kuukuu za Kiboriloni
ziwe tumbo la mfarishi.

Kanga tulizikata bila kusoma.
Jina la moja likaangukia jina la nyingine,
na kati ya mfarishi wa tatu pakaandikwa
JIRANI HAUOZI.
Bi Mwanaidi alicheka mpaka sindano ikapotea.
Hata sarufi, alisema, leo imetiwa viraka.

Mifarishi minane. Pembe zote zilikutana.
Tukaipeleka kituoni, njia ya Njoro,
tukapewa soda, tukapigwa picha,
mlezi mkuu akapapasa mshono, akasema,
"Ni mizuri mno."
Ningelisikia vizuri lile *mno*.

Wiki ya tatu nilirudi kupunguza sare.
Nikaiona: kabatini, nyuma ya kioo,
imekunjwa, imevikwa nailoni,
JIRANI HAUOZI ikichungulia.
"Tunaitunza, dada. Wageni wakija wataikuta."
Na chumba cha pili, vitanda ishirini na kimoja,
shuka moja moja, nyembamba kama ganda la kitunguu.
Kijana mmoja, Anaeli, alikuwa na homa, kalala mchana,
mikono kaibana mapajani,
kajikunja kama kisu cha mfukoni.

Sikugomba. Aliyetoa ametoa.
Njiani nililia kidogo,
hasira ikiwa nyingi kuliko huzuni.

Alhamisi nikawaambia wenzangu:
safari hii tushone mibaya.
Kahawia juu ya kijivu. Rangi ya tope la Rau.
Uzi mweusi juu ya njano, pindo liende kombo,
mshono mnene wa kushindana na beseni,
kitu ambacho hakuna mgeni ataonyeshwa.

Ndeonasia alinitazama juu ya miwani,
muda mrefu.
Kisha akachukua makasi, akakata upogo.

Msidhani ni rahisi.
Miaka thelathini nimeufundisha mkono huu kunyooka,
nikaanza kuuomba upinde, ukakataa.
Usiku niliamka kufumua mstari
ulioninyookea kwa bahati mbaya.
Tuliipeleka ndani ya gunia, bila picha.
Mlezi alisema "Asanteni," akatazama pembeni.
Soda hazikuja.

Mwisho wa Agosti nilipita kule na mzigo wa vifungo.
Juu ya michongoma, sita kati yake, imeanikwa.
Imepauka. Mmoja umetoka utumbo wa sweta pembeni,
mwingine una ramani ya mkojo katikati,
imefuliwa, imefuliwa tena, haikutoka.
Anaeli alikuwa akiupindua ukauke upande wa pili.
Hakunijua. Hakuwa na sababu ya kunijua.

Upepo ukanipiga na harufu yake,
mkojo na sabuni ya mche.
Nikasimama njiani na vifungo vyangu,
nikaivuta mpaka chini ya mapafu
kama mtu aliyesifiwa.