Mizani ya Nesi Mwanakombo

Bibi hakuwa mtu wa majina.
Langoni yote, na Mkomani hadi mwisho wake,
aliwahifadhi watu kwa kilo.

"Ndoo hapa, Mbili na Robo!"
akamwita muuza nyama mwenye ndevu za mvi,
kisu mkononi, wateja wamejipanga,
na bwana mzima akainamisha kichwa
kama mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni.
"Ulikuja matako mbele, ukamkesha mamako.
Yeo wanipunja?"

Naikumbuka ile mizani:
uso wa saa, mshale mmoja,
ndoano, leso iliyofungwa ncha nne,
na mtoto ndani amekunjika, anaudhika.
Aliibeba Matondoni juu ya punda,
Kipungani kwa miguu, maji yakitoka,
viatu vyake vyeupe kavipaka chokaa
ile ile iliyobaki ukutani,
ananuka dawa huku, huku kikuba.

Hayo waliyasema matangani.
Mama yangu hakusema.
Mama anakumbuka Idi tatu,
gauni jipya limekunjwa kitandani
na vifungo vya mgongoni havina wa kuvifunga,
maana kule Shela kuna mtu chupa imepasuka.
Anakumbuka kulala kwa jirani
na kuzisikia hatua za mamake kichochoroni,
zikaja, zikapita.
"Alikuwa mama wa kila mtu," wakasema wageni,
naye akazidi kukoroga kahawa
iliyokwisha kukorogeka.

Sisi wajukuu tulimkuta kastaafu.
Ijumaa alitukata kucha.
Alitushika kifundo cha mkono, anahesabu mapigo,
jicho moja kwenye runinga,
na hesabu ikimpotea
kila mke mwenza wa tamthilia alipoingia.
Basi anaanza upya. Moja. Mbili.
Hatukuwa wagonjwa.

Jeneza lilitoka baada ya Alasiri.
Wanawake tulibaki ghorofani, dirishani,
nikaona njia ilivyo nyembamba
na mabega yalivyo mengi.
Punda wakasukumwa kando.
Nikamwona Tatu Kamili, fundi wa mifereji,
nikamwona Tatu na Nusu, siku hizi mwalimu, ana kitambi,
na Mbili na Robo na ndevu zake,
wakipokezana hatua sita, hatua saba,
hakuna aliyemwachia mwenzake kwa hiari.
Penye kona ya msikiti mmoja akasema,
si kwa sauti, kama aliyeshangaa:
"Mwepesi."

Siku ya tatu tulifungua kasha.
Chini ya leso ambazo hazijakatwa
tukakuta daftari la shule,
lile la jedwali la kuzidisha mgongoni.
Kilo na tarehe, kilo na tarehe.
Penye nukta nyekundu
ni wale ambao hawakuliona jua.
Hao hakuwahi kuwaita sokoni.
Na mstari mmoja, mwaka mmoja kabla ya mama,
wino umefifia:
moja na nusu, nukta,
kisha neno, *wangu*.
Mama akausoma. Akausoma tena.
Akauliza kama birika la udhu lina maji.

Mimi simo daftarini.
Usiku niliozaliwa ndoano ilikatika,
Bibi akanipima kwa mikono.
"Uzito wako naujua," alikuwa akisema,
"nitakwambia ukiolewa."
Nikaolewa.
"Ukizaa."

Huu ni mwezi wangu wa saba.
Mizani nimeitundika kwenye boriti,
na ule waya aliouweka badala ya ndoano.
Mshale haukai kwenye sufuri.
Hamna kitu pale, hata leso sijaifunga,
nao umesogea kidogo,
gramu hamsini,
labda sitini.